KAMJENGEA MAMA GHOROFA, MAMA ANALALA STOO: Hivi Mijengo ya Mastaa Inajengwa kwa Ajili ya Nani?

Video ile kila mtu aliiona. Geti jeusi linafunguka lenyewe, utepe mwekundu umefungwa mlangoni, droni inapanda juu inaonyesha paa, bustani na bwawa la kuogelea lenye maji ya bluu utadhani yametiwa rangi. Staa mmoja wa Bongo Fleva, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa maana mashabiki wake hawakawii kuchafua hali ya hewa, amesimama na bi mkubwa wake mbele ya ghorofa jeupe pee. Mama kapiga kitenge kipya, kilemba kimepanda. Kijana anamkabidhi funguo. Mama anapiga magoti, analia. Mtoto analia. Inasemekana hata mpiga picha alifuta machozi. Chini ya video pameandikwa "Ahadi imetimia", na ndani ya siku mbili nchi nzima inajua kuwa msanii huyo kamjengea mama yake kasri.

Safi kabisa. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kumchukia mtoto anayemkumbuka mzazi wake.

Sasa ngoja kamera izimwe.

Ghorofa lile lina vyumba vitano vya kulala, na vyote viko juu. Chini kuna sebule mbili zinazotazamana, sehemu ya kulia chakula yenye meza ya watu kumi na wawili, majiko mawili, baa ndogo yenye taa za zambarau, chumba cha kuangalia sinema na chumba cha gemu. Kupanda juu ni ngazi za marumaru zinazopinda kama nyoka, zinateleza hatari, na pembeni hakuna hata chuma cha kushika kwa sababu chuma kilionekana kitaharibu picha, kikawekwa kioo. Bi mkubwa ana miaka 60 na ushee. Magoti yake yalianza kumsumbua tangu enzi zile za kuuza vitumbua alfajiri na kubeba ndoo kichwani ili staa huyo huyo aende shule.

Chanzo kilicho karibu na familia kinasema wiki ya kwanza mama alijitahidi. Asubuhi anashuka mara moja, usiku anapanda mara moja, binti wa kazi kamshika kiuno. Wiki ya pili akamwita mwanawe pembeni.

"Baba, hizi ngazi zimenishinda."

"Vumilia kidogo mama, nitaweka lifti."

Lifti haijawekwa hadi leo. Kilichoshuka ni godoro la futi nne, likatandikwa kwenye kachumba kando ya jiko, kale kalikochorwa kwa ajili ya kuwekea magunia ya mchele na madumu ya mafuta. Kadirisha kako juu, kadogo kama cha chooni. Choo cha karibu ni cha wageni, hakina bafu. Kuoga, mama anatoka nje na khanga yake, anakwenda kwenye bafu la mlinzi. Mwenye nyumba, kwenye nyumba aliyokabidhiwa funguo mbele ya nchi nzima, anapanga foleni ya kuoga na mlinzi wake.

Mwezi wa tatu bi mkubwa akaaga, akasema anakwenda kuangalia wapangaji kwenye nyumba yake ya zamani kule Temeke. Hajarudi.

Nyumba iliyoanzia kwenye kamera

Wapo watakaosema haya ni mambo ya familia, yaachwe. Yangekuwa ya familia kama yangefanyika kimya kimya. Lakini mtu akiita nchi nzima ije ione nyumba, nchi nzima ina haki ya kuuliza nyumba yenyewe inakalika au haikaliki.

Na si huyu mmoja tu. Pita Goba, pita Madale, Salasala, Bunju, vuka hadi Kigamboni. Mijengo ya watu maarufu inaota kama uyoga na mingi imezaliwa kwa njia moja: mtu kaona nyumba kwenye simu. Nyumba ya mcheza mpira wa Afrika Kusini, au ya mwanamuziki wa Los Angeles, au hoteli ya Dubai. Kapiga picha ya kioo cha simu, kamtumia fundi, kaandika: "Nataka kama hii, ila iwe kubwa zaidi." Fundi kajibu: "Sawa bosi." Mradi umeanza.

Angalia mambo ambayo hayakuulizwa hapo. Nani atalala kwenye hiyo nyumba? Kuna mzee? Kuna mtoto mdogo? Wageni wa kutoka kijijini wakija msibani watalala wapi? Jua la saa tisa alasiri linapiga upande gani wa kiwanja? Maji ya mvua yakishuka kutoka kwa jirani wa juu yatapita wapi? Gari la kunyonya choo litaingilia wapi shimo likijaa? Na mkononi kuna shilingi ngapi leo, sio zile zitakazokuja shoo zikichanganya?

Kuchorewa nyumba yako mwenyewe ni kama kushonewa suruali na fundi cherehani. Fundi hakuulizi kwanza unataka suruali ya nani. Anachukua futi, anakupima kiuno, anakupima urefu, anakuuliza unaendea kazini au unaendea harusini. Mastaa wetu wanakwenda kwa fundi wakiwa na suruali ya mtu mwingine mkononi, ya mtu mwenye mwili mwingine na hali ya hewa nyingine, halafu wanataka kiuno chao ndio kijipange.

Mchoraji majengo aliyesomea, akikaa na bi mkubwa yule kwa dakika kumi tu, angemuona anavyoinuka kwenye kiti kwa kushika meza. Angeweka chumba chini, chenye bafu lake ndani, mlango mpana, dirisha linalotazama geti ili mama aone nani kaingia. Basi. Hakuna ufundi wa ajabu hapo. Kilichotakiwa ni mtu wa kumuuliza mama.

Nyumba imetolewa zawadi kwa mtu ambaye hakuulizwa hata swali moja. Huyo mama kwenye mradi ule alikuwa mwigizaji tu, na sehemu yake ilikuwa ni kulia getini.

Vioo, jua la Dar na paa linalovuja

Twanga pepeta ya pili ni vioo. Siku hizi ukuta wa mbele lazima uwe kioo kuanzia chini hadi juu. Kwenye picha unapendeza, hakuna ubishi. Lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua la huku halina undugu na mtu. Asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, mchana linapanda utosini, alasiri linashuka kupiga ukuta wa magharibi hadi linazama. Ndiyo maana wanaojua kuchora hupenda upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, na upande mfupi ndio upambane na jua. Ukiweka kioo kizima kutazama magharibi bila kibaraza wala kivuli, umejijengea oveni, kisha unaununulia umeme oveni uipoze.

Muulize mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba hizo. Kiyoyozi sebuleni, kiyoyozi kwenye korido, kiyoyozi vyumba vyote, na LUKU inasoma kwa kasi kama mita ya teksi. Kuna mwigizaji mmoja wa kike, nyumba yake ilitamba sana mitandaoni, ambaye mchana hakai sebuleni kwake. Anakaa nyuma, kwenye kibanda cha makuti alichojengewa mlinzi, maana ndiko kwenye upepo. Kajenga sebule ya kupigia picha, kakaa kwa mlinzi ndio apumue.

Halafu kuna hili paa la kuficha. Bati linalazwa chini kwa ndani, ukuta unapandishwa juu kulizunguka ili nyumba ionekane kama boksi. Kwa mchoro mzuri na fundi anayejua, linafanya kazi. Ila maji yote ya mvua yanakusanywa ndani ya ukuta na kupelekwa kwenye mifereji iliyojificha. Mfereji ukiwa mdogo, au mteremko ukikosewa, au majani ya mwembe wa jirani yakiziba bomba, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari yako. Na mvua za masika za Machi hadi Mei hazina simile. Paa la kawaida lenye mteremko na uvungu uliotokeza nje linamwaga maji mbali na ukuta na kuutia kivuli ukuta huo huo. Hilo la kuficha halitoi kivuli, na likikosewa halimwagi maji. Wangapi walionyesha dari ya jipsamu yenye taa za kuzunguka, na wangapi walirudi mwezi wa nne kuonyesha ndoo zilizopangwa chini yake?

Kinachochekesha ni kwamba wazee waliyajua haya yote bila kuwa na simu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Ilala, ile ya vyumba sita, ina ukumbi mrefu katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani. Upepo ukiingia mbele unatokea nyuma, iwe kaskazi ya Desemba au kusi ya katikati ya mwaka. Mbele kuna baraza, mtu anapokelewa bila kuingia chumbani kwa watu. Nyuma kuna ua wa kupikia, kufulia na kulia msiba. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, nenda Lamu, ukaone kuta nene za mawe ya matumbawe na nyua za ndani zilizofichwa jua. Hakuna anayesema mtu wa leo arudi kwenye nyumba ya udongo na boriti za mikoko. Kinachosemwa ni kwamba nyumba hizo zilichorwa na watu waliokuwa wanaishi ndani yake. Nyumba ya staa imechorwa na mtu anayeishi mbali, kwa ajili ya watu watakaoiona kwa sekunde thelathini.

Bili inakwenda kwa shabiki

Mtu atasema: pesa yake, kichwa chake, joto lake. Kweli. Lakini kuna mwingine anayelipa, na huyo hakuwahi kuingia kwenye geti lile.

Kuna kijana mmoja muuza simu Kariakoo, umri hata thelathini hajafika. Alikuwa na kiwanja Chanika na pesa ya kutosha kusimamisha nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo, na kuhamia. Alikuwa anapanga chumba kimoja Tandale, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo, choo cha kuchangia na kaya saba. Mtu wa namna hii nyumba ndogo iliyokamilika ingembadilishia maisha. Mke wake mjamzito asingelazimika kupanga foleni ya bafu saa kumi alfajiri.

Ila kijana alikuwa ameshaona video. Ramani yake ya vyumba viwili akaiona ya kishamba. Akaingia kwenye makundi ya WhatsApp, akanunua ramani ya vyumba vinne vyote vya kujitegemea, paa la kuficha, nguzo mbili kubwa mbele za kuonyesha ukubwa wa jina. Pesa yote ikaishia kwenye msingi na kuta. Akakopa kwa kausha damu ili afike kwenye lenta. Akafika. Leo boma limesimama Chanika, ndani yake mpapai umeota na umeshazaa. Duka la simu limeuzwa kulipa deni. Yeye na mkewe na mtoto bado wako Tandale, chumba kile kile, choo kile kile.

Boma linadanganya, na mastaa hawasemi. Mtu akiona kuta zimesimama anadhani kamaliza kazi. Wenye uzoefu wanajua kuwa kuta ndiyo sehemu ya bei rahisi ya kilio. Bado kupaua, bado plasta, umeme, mabomba, shimo la choo, madirisha, milango, dari, sakafu, rangi. Huko kwenye kumalizia ndiko pesa inakoliwa kimya kimya, na kila chumba ulichokiongeza kwa ajili ya sifa kinakuja kudai mlango wake, dirisha lake, taa zake na marumaru zake. Vyumba viwili vilivyokwisha vinalaza watu. Vyumba vinne visivyoisha vinalaza popo.

Nani alimwambia huyo kijana nyumba ndogo ni aibu? Aliambiwa na kila aliyeandika "hicho choo cha staa fulani" chini ya picha ya mtu aliyejenga kwa jasho lake. Aliambiwa na mastaa wenyewe wanaporushiana vijembe kuhusu nani anaishi kwenye "banda la kuku". Utani huo una gharama. Unalipwa Chanika, unalipwa Kivule, unalipwa Mbande, kwenye maboma yenye mipapai ndani.

Yale ambayo video haionyeshi

La kwanza ni bei halisi. Staa anasimama sebuleni anasema "sijakopa hata shilingi, ni jasho langu." Wiki inayofuata anaposti marumaru, anaitaja kampuni. Kisha anaposti rangi, anaitaja kampuni. Kisha masofa, mapazia, kamera za ulinzi. Hayo mengi ni mabadilishano: wao wanampa vitu, yeye anawapa sura. Si dhambi, ni biashara. Dhambi ni kumwacha kijana wa mshahara aamini vitu hivyo vilinunuliwa dukani kama yeye atakavyonunua. Sura ya staa inalipa nusu ya nyumba. Sura ya muuza simu hailipi hata mfuko mmoja wa saruji.

La pili ni karatasi. Hakuna video hata moja inayoanza kwenye ofisi ya ardhi. Kila mtu anajua rangi ya geti, hakuna anayejua kama kiwanja kimepimwa, kama jina kwenye hati ni la aliyeuza, kama eneo lilipangwa kuwa makazi au lilikuwa njia ya maji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mwenye hati anapewa haki ya kuitumia kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99, na kwa matumizi yaliyotajwa. Maana yake uhakika wako haupo kwenye ukubwa wa nguzo. Upo kwenye makaratasi. Waulize waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, mwaka 2017. Nyumba zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na kijiko hakikusimama kuuliza nyumba ipi ina marumaru za Uhispania. Waulize waliobomolewa bonde la Msimbazi kuanzia Desemba 2015. Dalali atakuambia "hapa hapana shida kabisa, mzee baba". Dalali kazi yake inaisha siku ya malipo.

La tatu ndilo zito kuliko yote: nani alisaini? Nchi hii ina bodi za usajili za wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, za wahandisi na za makandarasi. Halmashauri inatoa kibali cha ujenzi baada ya kuona michoro. Utaratibu huo unachosha, unakula muda, na ndiyo maana watu wanaukimbia. Lakini tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la biashara likaanguka Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Hayo hayakuwa majumba ya mastaa. Ila zege halijui umaarufu. Linajua uwiano wa saruji na mchanga, linajua nondo ya saizi gani imelazwa wapi, linajua kama limemwagiwa maji au limeachwa jua lilikaushe.

Mtu anayejenga kwa ajili ya tarehe ya kuposti ana haraka, na haraka ndiyo adui wa zege. Zege kwa hesabu za wahandisi hupimwa nguvu yake siku 28 baada ya kumwagwa, na siku za mwanzo linataka maji kila siku. Staa ana sherehe ya kuzaliwa mwisho wa mwezi. Anampigia fundi: "Bosi wangu, tarehe hiyo lazima niingie." Fundi anatoa mbao mapema. Mfuko mmoja wa kilo 50 ambao ungetoa tofali thelathini na kitu unakamuliwa hadi hamsini. Mchanga wenye chumvi unaletwa kwa sababu uko karibu. Plasta inafunika kila kitu, rangi inafunika plasta, na taa za zambarau zinafunika rangi. Halafu watu mia mbili wanaalikwa kuruka ruka juu ya jamvi hilo wakicheza singeli.

Na fundi mwenyewe? Kuna mafundi hapa mjini wamejenga majumba matatu ya watu maarufu na hawajamalizwa malipo ya hata moja. Wakidai wanaambiwa "lakini si nimekutangaza?" Mtoto wa fundi haendi shule kwa kutangazwa.

"Mna wivu"

Jibu limeshajulikana kabla makala hii haijaisha: wivu, roho mbaya, chuki binafsi, "na nyie jengeni".

Basi na lisemwe wazi. Staa anayejenga amefanya jambo la maana kuliko anayenunua gari la kukodi sifa. Bongo imeshazika wasanii waliotamba miaka kumi na kuacha familia kwenye chumba cha kupanga, michango ikipitishwa kwenye makundi. Na wengi wa vijana hawa wametoka kwenye chumba kimoja, mama na watoto watano na pazia katikati. Wanajua mwenye nyumba alivyokuwa anamgombeza mama mbele yao. Wakipata pesa wanataka nyumba kubwa kuliko ile aibu. Hilo linaeleweka, na mtu asiyelielewa hajawahi kupanga.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo, nyumba ile ilipaswa kumponya mama. Kama alidhalilishwa na choo cha kuchangia, basi choo chake mwenyewe, chumbani kwake, hatua tano kutoka kitandani, ndicho kilikuwa kasri. Kuwa na sebule mbili hakumfuti machozi mtu anayeoga kwa mlinzi.

Na mifano mizuri ipo, ila haitrendi. Kuna mwigizaji mmoja wa siku nyingi wa Bongo Movie, alichekwa wiki nzima alipoonyesha nyumba yake Mkuranga. Vyumba vitatu, baraza pana mbele, bati la kawaida la mteremko, uvungu umetoka nje karibu mita nzima, madirisha yanatazamana. Watu waliandika "ofisi ya kijiji", wengine "zahanati". Yeye alianza na mchora ramani, akamlipa, akamuita mhandisi aangalie udongo, akachukua kibali, akajenga vyumba viwili kwanza akahamia, cha tatu akakiongeza miaka miwili baadaye kwa sababu mchoro ulishakitengea nafasi yake tangu mwanzo. Mama yake analala chumba cha mbele. Mlango unafunguka barazani moja kwa moja, jioni anakaa na majirani zake, anachambua mchicha, anamsema kila anayepita. Masika mbili zimeshapita. Hakuna ndoo iliyowekwa popote.

Hiyo ndiyo nyumba ya kuchorewa. Imepimwa kwa mwili wa mtu.

Video inayosubiriwa

Kwa hiyo staa anayefuata, ambaye bila shaka sasa hivi anasubiri rangi ikauke na droni ije, ana nafasi ya kufanya kitu ambacho hakijawahi kufanyika. Aanze video kwenye meza, aonyeshe kibali cha ujenzi. Ataje aliyechora na aliyepiga hesabu za nguzo, maana hao nao wana majina kama maprodyuza. Aseme marumaru ni za kupewa, kama ni za kupewa. Amsimamishe fundi mbele ya kamera na amuulize, nchi nzima ikisikiliza, kama anamdai. Kisha afungue mlango wa chumba cha mama, chini, chenye bafu lake, amwache mama mwenyewe aingie bila kushikwa mkono.

Asipoweza kuyaonyesha hayo, basi ajue anachozindua ni seti ya video, na familia yake ni mapambo.

Na shabiki uliye na kiwanja kimoja na ndoto kubwa: kabla hujanunua ramani ya mtu, kaa chini na watu watakaolala ndani. Muulize mama anaamka mara ngapi usiku kwenda chooni. Muulize mkeo anataka jiko litazame wapi. Simama kiwanjani saa tisa alasiri uone jua linakopiga, rudi siku ya mvua uone maji yanakopita. Hayo hayana gharama, na hakuna staa atakayekufanyia.

Wiki iliyopita chanzo kile kile kilipita Temeke kumsalimia bi mkubwa. Amekaa barazani kwenye mkeka, miguu kainyoosha, bati lenye kutu juu ya kichwa chake. Akaulizwa lini atarudi kwake. Akacheka.

"Kwangu si ni hapa, mwanangu? Kule nilikwenda kupiga picha."

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyumba ya kwanza unamjengea nani: mama, mtoto, au kamera? Na wewe uliyeishia kwenye lenta, ni nini hasa kilichokukwamisha?